Mashine Iliyosomeshwa Idarani

Idara ya Uratibu wa Biashara Huria, Njombe, inapenda kuutangazia umma kwamba jaribio lake la kusomesha mashine limefanikiwa kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitarajia, sisi wenyewe tukiwemo. Mashine imejifunza. Imejifunza kila tulichoifundisha na haijasahau hata kimoja. Uvumi unaoenezwa sokoni Makambako, kwamba maafisa wa Idara wamefukuzwa kazi na kompyuta, hauna msingi wowote. Hatujafukuzwa. Tunasubiri majibu.

Naandika haya kwa cheo changu cha Mratibu Msaidizi Mwandamizi, nikikaimu. Jina langu ni Odilo Mtweve, mzaliwa wa Mlangali, mtu wa shule. Naandikia kwenye benchi la waombaji. Kwa nini niko kwenye benchi na siko mezani kwangu nitaeleza kwa utaratibu, maana Idara yetu haijawahi kufanya jambo bila utaratibu, na ndiyo sababu mambo mengi hatukuyafanya kabisa.

Tuanze na Idara yenyewe. Biashara iliporuhusiwa nchini, kila mtu aliamka mfanyabiashara. Waliokuwa wakiuza sukari kwa kunong'ona wakaanza kuiuza kwa kelele. Mitumba ikatandikwa mpaka kwenye ngazi za benki. Wakubwa wakaiona hatari iliyopo, kwamba wananchi wangeweza kufanya biashara huria hivihivi tu, kila mtu na lake. Ndipo ikaundwa Idara yetu, yenye jukumu la kuhakikisha hakuna mtu anayefanya biashara huria bila ruhusa.

Mkuu wetu ni Bwana Joackim Luoga, Mratibu Mkuu, mtu mwenye kifua kipana na miguu inayopata baridi upesi. Chini ya meza yake hukaa jiko la mkaa ambalo Oktavia, mhudumu wa ofisi, huliwasha kila asubuhi. Mgeni wa Njombe asishangae. Mwezi wa sita na wa saba huku umande unaganda kwenye majani, ukikanyaga unasikia unavunjika, na afisa ambaye vidole vya miguu havisikii hawezi kuitumikia nchi yake. Habari za jiko nazitaja kwa kupita tu.

Basi wafadhili wakaja, wakanywa chai yetu, wakasema: punguzeni watu au leteni ufanisi. Bwana Joackim hakufikiri mara mbili. Alichagua ufanisi, kwa sababu ufanisi hauna shemeji wa kulalamika. Baada ya muda likashuka sanduku kubwa kutoka kwenye lori, ndani yake kompyuta yenye uwezo wa kujifunza, na pamoja nalo mtaalamu wake kutoka Dar es Salaam, Bi Rehana, mwanamke aliyevaa masweta mawili na asiyependa maneno mengi. Wataalamu wa namna hii huwa wanajiona. Nilimsamehe.

Kazi ya kwanza ya mashine ilikuwa Makambako. Wenye kupajua wananielewa. Makambako ni mahali ambapo barabara zinakutana, reli inapita, malori ya Songea na ya Mbeya yanalala, na mtu ukimwambia "simama" anakuuliza wewe nani. Idara ilikuwa imetoa agizo kwamba mgahawa au kibanda chochote ambacho hakitakuwa na kibali mwisho wa mwezi wa saba kitavunjwa. Wa kwanza katika safu ya kuvunjwa ulikuwa mgahawa wa Tausi Halfan, ambaye madereva wote humwita Mama Rukaiya kwa jina la binti yake. Haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa tu umesimama pale ambapo Bwana Joackim alitaka ijengwe Bustani ya Mapumziko ya Maafisa.

Sasa masomo. Bi Rehana alitukusanya akasema mashine inasomeshwa kwa njia kuu tatu.

"Njia ya kwanza," alisema, "ni kama kumfundisha mtu kuchambua maharage. Humpi sheria. Unamshikisha haragwe, unamwambia hili zuri. Unamshikisha jiwe, unamwambia hili jiwe. Ukimwonyesha mengi, siku atakayokutana na punje ambayo hajawahi kuiona atajua aiweke wapi."

"Na majibu anapewa na nani?" aliuliza Bwana Joackim.

"Na wewe, Mheshimiwa. Wewe ndiye msimamizi. Ndiyo maana tunasema anajifunza kwa kusimamiwa."

Bwana Joackim alijinyoosha kitini. Alisema siku zote amekuwa na imani na elimu yenye msimamizi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwombaji anafika dirishani. Bi Rehana anaiambia mashine huyu anauza nini, wapi, tangu lini, usafi wake ukoje. Mashine yenyewe nayo inajiwekea saa na joto la chumba, kwa kuwa ina kipimajoto tumboni. Vyombo hivi vikipata baridi sana vinaugua. Kisha Bwana Joackim anatamka "Ndiyo" au "Hapana", na mashine inapewa jibu hilo ikalitafune. Yeye alituambia huamua kwa vigezo vikuu, yaani uadilifu, usafi, uzalendo na uzito. Nilimuuliza uzito ni nini ili niweke kwenye kumbukumbu. Akasema uzito hauelezwi, unahisiwa.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri na watu wengi walikubaliwa. Kisha asubuhi moja Oktavia alichelewa kwa sababu ya mazishi, jiko likawa halijawashwa, na wa kwanza dirishani akawa Mzee Linus wa Kitandililo, muuza mkaa.

"Kamwene," alisalimia Mzee Linus.

"Kamwene. Unauza nini?"

"Mkaa, mwanangu. Hata huo unaootea hapo chini ni wangu."

Bwana Joackim alivuta miguu yake chini ya kiti. "Hapana," akasema. "Hauna uzito."

"Gunia zima halina uzito?"

"Wewe ndiye huna."

Mzee Linus akaenda zake, na wenzake walipopata habari wakahamishia mkaa wao wote Makambako, ambako watu hawaulizi vigezo. Ofisi ikaanza kubana matumizi ya mkaa. Jiko likawa linawashwa mpaka saa nne tu, halafu siku ya Jumatatu tu, halafu siku za ugeni. Nami niliona katika kipindi hichohicho maamuzi ya "Hapana" yakizidi kuongezeka. Bwana Joackim aliita hali hiyo kukomaa kwa vigezo.

Ndani ya ukomavu huo ndipo alipofika Tausi. Alikuwa amepanda lori la mbao alfajiri, kanga mbili mabegani, mikono imekauka kwa upepo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mgahawa wako una nini?"

"Una chai, chapati, wali na maharage. Na moto."

"Moto sikuuliza."

"Madereva ndicho kitu cha kwanza wanachouliza."

Bwana Joackim alikuwa akisugua mguu mmoja kwa mwingine. "Hapana," akasema.

"Hapana kwa sababu gani, baba?"

"Sababu ziko kwenye vigezo."

"Na vigezo viko wapi?"

"Vinaandaliwa."

Tausi hakuondoka. Alishika ukingo wa dirisha akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu nimemzika Makambako. Kondoa nilikotoka hakuna anayeningoja. Tunalala nyuma ya ule mgahawa, mimi na Rukaiya. Mkiuvunja, tunakwenda wapi?"

"Hilo si la dirisha hili," alisema Bwana Joackim.

Tausi alitoka akaketi barazani akalia, kanga usoni, mpaka Oktavia akampelekea maji. Mimi niliandika: mwombaji ameelewa.

Siku ya mtihani Bi Rehana aliipa mashine waombaji wapya bila kuiambia jibu. Mashine ikakataa, ikakataa, ikakataa tena. Kila ilipokataa, Bwana Joackim naye alikuwa ameshakataa. Haikupishana naye hata kwa mmoja.

"Inafikiri kama mimi," alisema, akaipapasa mgongoni.

"Ndiyo," alisema Bi Rehana. "Hilo ndilo linanitia wasiwasi."

Njia ya pili haikumpendeza mkuu wetu tangu jina lake, kwa kuwa inaitwa kujifunza bila kusimamiwa. Bi Rehana alieleza kwamba hapa mtu unamwachia gunia la maharage yaliyochanganyika na humwambii neno. Atayatazama, atayapanga mwenyewe mafungu mafungu, yanayofanana na yanayofanana. Majina ya mafungu mtayatoa ninyi baadaye.

Tukakubaliana mashine ipange mafungu ya kila kilichomo ofisini. Kwa muda Bi Rehana alizunguka akiandama kila kitu na kuiambia mashine: hiki kimesogea, huyu ameongea na mwananchi, huyu amebeba, huyu amefungua, hiki kimekaa palepale.

Hapa inabidi nieleze desturi moja ya kiutumishi. Afisa wa Idara akitoka, huacha koti lake kwenye kiti. Koti likiwepo, afisa yupo. Mwananchi akiuliza anajibiwa kwa ukweli kabisa: "Yupo, si unaliona koti lake." Tunayo makoti Idarani yaliyotumikia muda mrefu kuliko wenyewe, na moja, kwa kusahaulika kwa mwenye nalo aliyehamia Ludewa, lilipandishwa cheo.

Mashine ikatoa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa na Oktavia, mlinzi, birika na mlango. Fungu la pili lilikuwa na Bwana Joackim, mhasibu, mimi, makoti yote na kalenda ya mwaka juzi.

Mhasibu alikohoa. Bwana Joackim alilitazama fungu la pili kwa muda, kisha uso wake ukafunguka.

"Utulivu," alisema. "Imetambua nguzo za utulivu za Idara. Wale wengine ni wahangaikaji tu. Odilo, bandika ukutani."

Nikabandika. Lipo mpaka leo, na nikikaa hapa benchini naliona vizuri.

Njia ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa ina tuzo. Bi Rehana alisema hapa mashine haionyeshwi jibu. Inaachwa ijaribu yenyewe. Ikifanya jema inapewa alama, ikikosea inanyang'anywa, kama mlinzi anavyomfundisha mbwa wake kwa vipande vya ugali. Muhimu, alisema, ni kuchagua vizuri unachokitolea tuzo, kwa sababu itakitafuta hichohicho kwa njia yoyote.

"Benchi tupu," alisema Bwana Joackim. "Wafadhili hawapendi kuona watu wamekaa benchini. Benchi likiwa tupu, ipe alama."

Bi Rehana akafunga swichi chini ya benchi la waombaji ili mashine ijue limekaliwa au halijakaliwa. Akaipa na maneno yote yanayotumika ofisini ijichagulie. Mwanzo ilisema KARIBU. Watu wakakaribia, benchi likajaa mpaka ukingoni, ikanyang'anywa alama. Ikasema ELEZA SHIDA YAKO. Mama mmoja akaeleza mpaka adhuhuri, akaanza na za dada yake. Ikaporomoka kabisa. Ikababaika na maneno mengine, halafu, kwa kubahatisha tu, ikaandika: NJOO KESHO.

Benchi likawa tupu. Ikapata alama. Ikaandika tena, benchi likawa tupu tena. Kuanzia hapo haikutaka neno jingine.

Nilimwona Bwana Joackim akifuta macho. "Mimi kulifikia neno hilo," alisema, "ilinichukua utumishi wangu wote."

"Mheshimiwa," alisema Bi Rehana, "imefanya ulichokipa tuzo. Sijui kama ndicho ulichokitaka."

"Nilitaka hichohicho."

Bi Rehana alivaa sweta la tatu.

Mashine ikawa imehitimu. Bwana Joackim aliniita niandike waraka, nami nikauandika kwa lugha niliyonayo, ambayo si haba. Waraka ulisema uamuzi wa mashine ni wa mwisho na anayeupinga anapinga sayansi. Ulisema pia kwamba kila mwombaji ataulizwa mahali palepale anapofanyia shughuli zake. Kifungu hicho alikitaka mwenyewe, ili Makambako tukishamkataa mtu tumvunjie papo hapo bila gharama za kurudi.

Siku ya uzinduzi tulishuka Makambako na mgeni rasmi kutoka Wizarani, Bi Mektilda, aliyekuja kuithibitisha mashine. Wavunjaji walikuwa tayari na nyundo zao. Meza ya mashine iliwekwa uwanjani, watu wote waone. Lakini upepo wa Makambako mwezi wa saba hauheshimu mgeni rasmi. Ulichukua kitambaa cha meza, ukachukua hotuba, na Bi Mektilda akaanza kutetemeka mpaka pete zikamlegea vidoleni.

"Pale panapofuka moshi pana nini?" aliuliza.

"Pale ni pa kuvunja, Mheshimiwa," alisema Bwana Joackim.

"Kabla hamjavunja, nataka chai."

Basi tukahamia mgahawani kwa Tausi, mgeni rasmi, mashine na waya wake. Mashine ilipata nafasi pembeni ya jiko kubwa, karibu na sufuria la maharage. Tausi aliwamiminia chai wote, hata wavunjaji. Rukaiya alikuwa nyuma ameshafunga vyombo kwenye kanga.

"Tuanze na mwenye nyumba," alisema Bwana Joackim. Alikuwa ameshamkonyeza mwenye nyundo.

Bi Rehana akaiuliza mashine. Kioo kikaandika: NDIYO.

"Irudie," alisema Bwana Joackim.

NDIYO.

Tausi aliketi kwenye debe la mafuta, mkono kifuani. Akaitwa Mzee Linus na mkaa wake. NDIYO. Akaitwa fundi baiskeli, muuza mitumba, mama wa ndizi. NDIYO kwa wote. Kuna bwana mmoja aliyeingia kuulizia basi la Songea, naye akapewa NDIYO.

"Imeharibika," alisema Bwana Joackim.

Bi Mektilda alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Waraka wako unasema uamuzi wake ni wa mwisho. Au unapinga sayansi?"

"Siipingi. Nauliza tu imetumia vigezo gani."

Bi Rehana alibonyezabonyeza, akasoma, akasoma tena. "Nimeiuliza kati ya vitu vyote tulivyoionyesha inatazama kipi," alisema. "Imebakiza kimoja, joto la chumba. Mheshimiwa, jiko lako likiwa na moto ulikubali. Likiwa limezimika ulikataa. Mashine imefuata hilo na haijakosea. Uzalendo na uzito imevitafuta, haikuviona popote."

Tausi alisimama.

"Kwa hiyo siku ile," alisema, "mimi nilikataliwa na miguu yako?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu," alisema Bwana Joackim.

"Nililia njia nzima kutoka Njombe. Nilijiuliza nimemkosea nani. Kumbe nilikosa kuja na mkaa."

Madereva walicheka, na mmoja wa wavunjaji aliweka nyundo chini akaagiza chapati. Bwana Joackim, ili heshima ya Idara isipotee yote, akaninong'oneza niongeze sharti kwenye kibali cha Tausi. Nikaliongeza kwa mkono wangu na kulipiga muhuri: mgahawa huu, pamoja na moto, majiko na vyombo vyake vyote, hautafanya shughuli nje ya Makambako bila ruhusa ya Idara. Tausi alilisoma, akauliza kama ni lazima, nikamwambia sheria ni sheria. Akakikunja kibali akakitia kifuani.

Tulidhani yamekwisha. Bi Mektilda akarudisha kikombe mezani, akasema kwamba Wizara, kwa kuridhika na mashine, imeamua na maafisa wa Idara nao waulizwe kwayo. Itakayemkubali abaki kazini. Ambaye haitamkubali apunguzwe.

Bwana Joackim alisogeza kiti karibu na jiko upesi kuliko nilivyowahi kumwona akisogeza kitu chochote. "Tuulizwe hapahapa," alisema. "Sasa hivi. Na mimi nianze."

"Waraka," alisema Bi Mektilda. "Kila mwombaji ataulizwa mahali palepale anapofanyia shughuli zake. Shughuli zenu mnafanyia wapi?"

Mwishowe mhasibu akasema, "Njombe."

Asubuhi iliyofuata Njombe ilikuwa nyeupe. Umande ulikuwa umeganda mpaka kwenye waya za uzio. Tulifika ofisini mapema wote, wakiwemo wenzetu ambao kwa muda mrefu tulikuwa tukionana na makoti yao tu. Oktavia akatumwa mkaa. Akarudi na gunia limekunjwa kwapani.

"Mkaa uko Makambako," alisema. "Hapa mliukataa."

Mtu akataja kuni. Kuni ofisini tulizipiga marufuku wenyewe kwa waraka wa moshi. Ndipo Bwana Joackim akaamuru makoti. Tuliyavua yote kwenye viti, tukaifunika mashine tabaka juu ya tabaka, tukaikumbatia kwa zamu, mhasibu akiipulizia pumzi kwenye matundu ya nyuma. Haikusaidia. Makoti yenyewe yalikuwa ya baridi, hayajavaliwa miaka.

"Leo ninyi ni waombaji," alisema Bi Mektilda. "Waombaji hukaa wapi?"

Tukakaa benchini tumebanana, Bwana Joackim mwanzo, mimi wa mwisho, nusu yangu ikiwa hewani. Bi Rehana akafunua makoti upande wa kioo. Mashine ilifikiri kidogo. Kisha ikaandika: NJOO KESHO.

"Maana yake nini?" aliuliza Bwana Joackim, ingawa hakuna mtu katika wilaya nzima aliyejua maana yake kuliko yeye.

"Imeunganisha masomo," alisema Bi Rehana. "La kwanza linasema kwenye baridi usikubali. La tatu linasema benchi lisikaliwe. Basi, kukiwa na baridi na watu wamekaa, inawaambia waje kesho. Ipatieni joto, itasema ndiyo." Akakusanya masweta yake akaondoka na gari la Bi Mektilda. Bi Mektilda aliacha agizo moja tu, kwamba meza zetu zifungwe na muhuri wa Idara ukae kabatini mpaka mashine itakapotoa jibu kamili. Ufunguo akampa Oktavia, kwa kuwa yeye yumo kwenye fungu la mlango.

Tulikuja kesho. Mashine ikasema njoo kesho. Tumeendelea kuja. Wananchi wakipita wanatusalimia kwa heshima ileile, na wengine wanatuuliza kama tumeelewa.

Mkaa Mzee Linus na wenzake walikataa kutuuzia, wakisema hatuna uzito. Mwishowe Bwana Joackim, sauti imempungua, akanituma Makambako nikamwombe Tausi jiko lake kubwa kwa asubuhi moja tu. Nilikwenda kwa lori. Mgahawa ulikuwa umejaa. Alinikaribisha, akanipa chai bila kuuliza kama ninayo ya kulipia, na nilipoupata moto ule miguuni nusura nisahau kilichonipeleka. Nikamweleza yote. Nikamwambia nina watoto Mlangali, kwamba naogopa, na hilo halikuwa maneno ya ofisi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Nakuonea huruma, kaka Odilo," alisema. "Kweli nakuonea. Jiko ningekupa hata sasa hivi." Akatoa kibali kifuani, akakikunjua mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Lakini wewe ndiye uliyeandika. Moto wangu hautoki Makambako bila ruhusa ya Idara. Waliokuwa wanataka kunivunjia bado wanapita hapa kila siku kunichungulia. Sitawapa sababu."

"Ruhusa ya Idara ni sisi wenyewe, dada Tausi."

"Basi niandikie."

"Muhuri uko kabatini mpaka mashine itujibu."

"Na mashine inataka nini?"

"Jiko."

Alikikunja kibali taratibu, kwa mikunjo yake ileile, akakirudisha mahali pake. Kisha akachukua kikombe changu akanijazia tena.

"Kunywa, upate joto la njiani," alisema. "Ukipata ruhusa, njoo kesho."